Mbele ya Mtu, Mbele ya Mbuzi: Majina ya Sehemu za Ubongo wa Binadamu na Mamalia Wengine katika Kiswahili, kwa Kuzingatia Uwanda wa Kati wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyozitaja sehemu za ubongo wa binadamu na za mamalia wengine, hasa mifugo. Mazingira yanayozingatiwa ni Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ambako tabibu wa watu na daktari wa mifugo huwahudumia wananchi walewale kwa lugha ileile. Inaonyeshwa kwamba Kiswahili kina desturi ya kuvipa viungo vya ndani jina moja kwa mtu na kwa mnyama, na kwamba desturi hiyo inafaa kuwa msingi wa istilahi. Hata hivyo, istilahi zinazojengwa kwa maneno *mbele*, *nyuma*, *juu* na *chini*, pamoja na zile za *mkubwa* na *mdogo*, hupoteza uthabiti zinapohamishwa kutoka kwenye mwili uliosimama wima kwenda kwenye mwili wa miguu minne. Makala yanapendekeza kwamba mielekeo itajwe kwa alama za mwili wenyewe, yaani pua, mkia, mgongo na tumbo.

Maneno makuu: istilahi, anatomia linganishi, ubongo, mielekeo, mifugo, Dodoma

1.0 Utangulizi

Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa anapouawa katika kijiji cha Kongwa au Mpwapwa, watu wawili husubiri jibu la maabara: ofisa mifugo na tabibu anayemhudumia aliyeumwa. Matibabu ya aliyeumwa hayapaswi kungoja maabara, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili takribani daima huua. Hata hivyo, jibu hilo husaidia kuamua kama chanjo ya mgonjwa iendelee au ikome, na hatua zipi zichukuliwe kuhusu mbwa wengine wa kijiji. Jibu hutegemea kipande cha ubongo kilichopelekwa. Sehemu zinazohitajika hasa ni shina la ubongo na serebelamu. Pale ambapo fuvu haliwezi kufunguliwa kwa usalama, mrija huingizwa kupitia tundu kubwa la kisogoni na kusukumwa kuelekea jicho, ili uchukue sampuli kuanzia kwenye shina.

Tuseme maelekezo ya kazi hiyo yameandikwa na mtu aliyejifunza anatomia ya binadamu, naye akaagiza ichukuliwe “sehemu ya chini ya ubongo”. Kwa mtu aliyesimama, maelezo hayo ni sahihi, kwani shina la ubongo liko chini na huteremka kuelekea shingoni. Kwa mbwa, shina liko nyuma. Kilicho chini ya ubongo wa mbwa ni eneo jingine, lililo juu ya kaakaa. Ofisa atakayetii maneno hayo kama yalivyo atapeleka sampuli isiyofaa, na kosa halitakuwa la mkono wake bali la istilahi.

Mfano huo unadokeza suala la makala haya. Je, sehemu moja ya ubongo inayopatikana kwa mamalia wote iitwe jina moja, au kila kiumbe kitajiwe kwa namna yake? Na ikiwa ni jina moja, ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kubeba mzigo huo bila kubadilika maana?

2.0 Uwanda wa Kati kama Mahali pa Ulinganisho

Swali hili lingeweza kuulizwa popote, lakini uwanda wa kati unalifanya liwe la kila siku. Dodoma ni nchi kame kiasi, na maisha ya kaya nyingi yameunganisha kilimo cha mtama na uwele na ufugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utafiti wa mifugo una historia ndefu Mpwapwa, ambako aina ya ng'ombe inayobeba jina la mji huo ilizalishwa. Jijini Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Hospitali ya Mirembe inayohudumia wagonjwa wa akili. Ubongo wa mtu na ubongo wa mnyama unazungumzwa katika mkoa mmoja, na mara nyingi na watu wanaofahamiana.

Aidha, huu ni uwanda wa lugha nyingi. Wagogo, Warangi na Wanyaturu huzungumza lugha za Kibantu. Waburunge huzungumza lugha ya Kikushi. Wamaasai na Wadatoga huzungumza lugha za Kiniloti. Na Wasandawe wana lugha yao yenye vidoko. Wafugaji wa jamii hizi wanapokutana mnadani au mbele ya mtaalamu wa mifugo, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Istilahi itakayowafaa ni ile inayoeleweka kwa mtu anayemjua mnyama kwa macho na mikono, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha anatomia.

3.0 Viungo vya Nje Hutengana, vya Ndani Hushirikiana

Kabla ya kuunda istilahi mpya, inafaa kutazama mfumo ambao lugha tayari inao. Kiswahili hutenganisha mtu na mnyama kwa uangalifu katika mambo yanayoonekana. Mtu ana nywele. Mbuzi ana manyoya. Mwanamke ana matiti. Ng'ombe ana kiwele. Mtu ana kucha na nyayo. Ng'ombe ana kwato. Mtu akifa huwa maiti. Mnyama huwa mzoga. Katika lugha ya adabu, mwanamke hujifungua ilhali mnyama huzaa. Mipaka hii ni ya heshima na utu, na anayeikiuka hueleweka kuwa ametukana.

Mpaka huo hutoweka pale mwili unapofunguliwa. Moyo, ini, figo, pafu, bandama, utumbo na ubongo ni majina yaleyale kwa mtu, kwa mbuzi na kwa mbwa. Mchinjaji na mpasuaji hushiriki msamiati mmoja, na hakuna anayeona kwamba utu umevunjwa. Hivyo, bila kamati yoyote, wazungumzaji wamefuata kanuni ambayo wanaanatomia wa Ulaya waliifikia baada ya mabishano ya karne nyingi: sehemu zenye asili na nafasi moja katika miili tofauti hustahili jina moja.

Neno *ubongo* lenyewe lina upekee wa kuzingatiwa. Umbo lenye kiambishi *u-* hutaja kiungo, nacho ni cha mamalia wote. Umbo *bongo*, likitumiwa peke yake, limeelekea kwenye maana ya akili na ujanja, na hapo huwa la binadamu tu. Kutokana na maana hiyo likapatikana jina la utani la Dar es Salaam, na baadaye la Tanzania nzima, mahali ambapo mtu huishi kwa kutumia bongo. Lugha imegawa kazi: *ubongo* ni kitu, *bongo* ni uwezo. Mgawanyo huu ni hazina kwa mwanaistilahi, kwa kuwa unamruhusu kuutaja ubongo wa kondoo bila kudai wala kukana lolote kuhusu akili yake.

4.0 Tatizo la Mielekeo

Ugumu huanza mara baada ya jina la jumla, pale sehemu za ndani ya ubongo zinapotajwa kwa nafasi zake. Istilahi zilizozoeleka ni *ubongo wa mbele*, *ubongo wa kati* na *ubongo wa nyuma*. Kwa mbuzi, istilahi hizi ni kweli tupu: ukitoka puani kuelekea shingoni utakutana na sehemu tatu kwa mpangilio huohuo. Kwa binadamu hali si hiyo. Mhimili wa neva wa mtu hupinda karibu na ubongo wa kati, kwa sababu kichwa kinatazama mbele ilhali mwili umesimama. Matokeo yake ni kwamba “ubongo wa nyuma” wa mtu kwa kiasi kikubwa uko chini. Zaidi ya hayo, sehemu iliyo nyuma kabisa ya ubongo, ile iliyo kisogoni na inayohusika na kuona, ni mali ya ubongo wa mbele. Mwanafunzi anayeguswa kisogo na kuambiwa kwamba hapo ndani kuna ubongo wa mbele ana haki ya kushangaa. Istilahi hiyo haikosei; ila inatumia mwili wa mnyama wa miguu minne kumweleza mtu, wala haisemi hivyo waziwazi.

Kinyume chake hutokea katika istilahi zilizoanzia kwa binadamu. Katika ubongo wa kati kuna vilima vinne vidogo, viwili vinavyohusika na kuona na viwili vinavyohusika na kusikia. Anatomia ya binadamu huviita vya juu na vya chini. Anatomia ya mifugo huviita kwa majina yenye maana ya upande wa pua na upande wa mkia. Vilima ni vilevile. Kilichobadilika ni mkao wa mwili. Vivyo hivyo, pembe za ugwe wa mgongo zinazotoa neva za kuendesha misuli huitwa za mbele kwa mtu, ilhali kwa ng'ombe ziko chini, upande wa tumbo.

Chanzo cha tatizo kimo ndani ya maneno yenyewe. *Chini* limetokana na mzizi uleule ulio katika *nchi*, pamoja na kiambishi cha mahali *-ni*. Hivyo hupimwa kwa ardhi, si kwa mwili. *Juu* nalo hupimwa kwa anga. *Mbele* limehusishwa na mzizi wa Kibantu wenye maana ya titi, maana inayodhihirika mtu anaposimama wima. Maneno haya manne ni mazuri kwa mazungumzo, lakini hayana alama thabiti katika mwili unaoweza kulala, kusimama au kuinama.

Mwanaisimu Bernd Heine, katika kazi zake kuhusu misingi ya utambuzi katika sarufi, ametofautisha vielelezo viwili vya kuunda maneno ya mahali: kimoja hutokana na mwili wa mtu aliyesimama, kingine hutokana na mwili wa mnyama wa miguu minne. Kielelezo cha pili ameonyesha kuwa hupatikana hasa katika lugha za jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki. Katika Kimaasai, kwa mfano, dhana ya mbele inahusiana na neno la kichwa. Hilo ni jambo la kimantiki kwa anayetembea nyuma ya ng'ombe kutwa: kinachotangulia ni kichwa, si kifua. Kiswahili kimefuata zaidi kielelezo cha kwanza, ilhali anatomia linganishi inahitaji cha pili. Uwanda wa kati, ambako lugha za vielelezo vyote viwili hukutana, unaonyesha kwamba hitaji hilo si la kigeni kwa fikra za Kiafrika.

5.0 Tatizo la Ukubwa

Istilahi *ubongo mkubwa* na *ubongo mdogo* hutumika kwa maana ya serebramu na serebelamu. Zikitumika kwa binadamu pekee, hazileti taabu. Zikiingia katika ulinganisho, sarufi huzisaliti. Kirai *ubongo mdogo wa panya* kina maana mbili: serebelamu ya panya, au ubongo wa panya ambao ni mdogo. *Ubongo mkubwa wa tembo* nao una utata huohuo. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino, iwe kivumishi hicho ni sehemu ya jina au ni sifa tu, na hakuna alama ya kutofautisha hali hizo mbili.

Tembo anafaa kuchukuliwa kama kipimo cha istilahi hii, hata kwa kuwa simulizi mashuhuri ya jina la Dodoma humhusisha: hutajwa neno la Kigogo *idodomya*, mahali alipodidimia tembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na kundi la Suzana Herculano-Houzel ulikadiria kwamba ubongo wa tembo wa Afrika una seli za neva zipatazo bilioni 257, na kwamba takribani asilimia 98 ya seli hizo zimo katika serebelamu. Kwa binadamu, makadirio ni seli bilioni 86 kwa ujumla, ambapo takribani bilioni 69 zimo katika serebelamu. Kwa hiyo, sehemu inayoitwa “ndogo” ndiyo yenye seli nyingi zaidi kwa viumbe wote wawili. Jina linaloeleza ujazo linaweza kumfanya msomaji adhani kwamba linaeleza uzito wa kazi.

Njia moja ya kukwepa utata ingekuwa kutumia kiambishi cha udogo, kama Kilatini kilivyofanya kilipounda *cerebellum* kutokana na *cerebrum*. Lakini umbo *kibongo* tayari linatumika mitaani kwa maana ya mtindo wa Tanzania, na kimatamshi liko karibu mno na *kibiongo*, yaani mtu mwenye nundu mgongoni. Hapa mkopo uliotoholewa, *serebelamu*, una faida ambayo neno la asili halina: hauna maana nyingine ya kushindana nayo.

6.0 Funzo la Historia ya Istilahi

Wapo wanaoweza kuona kwamba majina ni majina tu. Historia ya anatomia inakanusha. Galeni, tabibu wa karne ya 2, alipasua wanyama zaidi kuliko watu. Chini ya ubongo wa ng'ombe, kondoo na mbuzi aliona mtandao wa mishipa midogo ya damu, uliokuja kuitwa wavu wa ajabu. Aliuhesabu kuwa wa binadamu pia, na kwa zaidi ya miaka elfu moja ulifundishwa kuwa ndimo roho ya uhai inamosafishwa. Binadamu hana wavu huo. Berengario da Carpi aliutilia shaka mwaka 1521, na Andreas Vesalius akaukana mwaka 1543. Jina lilikuwa limetangulia kitu. Kwa mbuzi, wavu huo ni halisi na una manufaa, hasa katika nchi ya joto kama Dodoma, kwani husaidia kupoza damu inayoingia katika ubongo.

Kosa la upande wa pili lilitokea Uingereza. Mwaka 1857, Richard Owen alidai kwamba binadamu ametengwa na nyani wote kwa sehemu fulani za ubongo, mojawapo ikiwa tuta dogo lililoitwa hipokampasi ndogo. Thomas Huxley alipinga, akaonyesha kwamba tuta hilo lipo kwa nyani wakubwa, na mwaka 1863 akalijadili suala hilo katika kitabu chake kuhusu nafasi ya binadamu katika maumbile. Owen alilihifadhi jina kwa binadamu pekee, na kwa njia hiyo akajenga ukuta ambao mwili wenyewe haukuwa nao. Leo tuta hilo huitwa kwa Kilatini jina lenye maana ya kipi cha ndege, ile kucha ya nyuma ya mguu wa jogoo.

Visa hivi viwili vinaweka mipaka miwili. Kutoa jina moja kwa vitu viwili visivyo na asili moja ni kosa la Galeni. Kutoa majina mawili kwa kitu kimoja ili kulinda hadhi ya binadamu ni kosa la Owen. Hata mashirika ya istilahi hayajaumaliza mvutano huo. Orodha ya majina ya anatomia ya binadamu iliyokubaliwa Basel mwaka 1895, na ile iliyoifuata mwaka 1955 mjini Paris, zilimwangalia mtu aliyesimama. Wataalamu wa mifugo walitoa orodha yao mwaka 1968, nao wakachagua mielekeo inayofaa miguu minne. Anayeandika kwa Kiswahili akitafsiri kutoka orodha zote mbili bila kuzioanisha ataurithi mgogoro ambao si wake.

7.0 Mapendekezo

Kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992 kimewazoeza wataalamu wa Kiswahili kuanza na hazina ya lugha yenyewe kabla ya kukopa. Kwa kuzingatia mkabala huo, na kwa kuzingatia uchambuzi uliotangulia, inapendekezwa kanuni tatu.

Kwanza, sehemu yenye asili moja iitwe jina moja kwa mamalia wote, na kiumbe kitajwe kwa kirai cha umilikishi: *serebelamu ya mbuzi*, *serebelamu ya mtu*. Sehemu isiyo ya wote isiazimishwe jina. Mfereji unaopita kati ya eneo la kuendesha misuli na eneo la hisi katika ubongo wa nyani na binadamu usitafutwe kwa nguvu katika ubongo wa mbwa, ambaye ana mfereji wake wenye umbo la msalaba.

Pili, mielekeo ya kitaalamu itajwe kwa alama za mwili, kwa kutumia kiambishi *-ni* ambacho Kiswahili tayari kinacho.

Jedwali Na. 1: Mielekeo na istilahi zinazopendekezwa

| Istilahi ya mazoea | Tatizo | Pendekezo |
|---|---|---|
| vilima vya juu | kwa mbuzi viko mbele | vilima vya puani |
| vilima vya chini | kwa mbuzi viko nyuma | vilima vya mkiani |
| pembe ya mbele ya ugwe | kwa mbuzi iko chini | pembe ya tumboni |
| pembe ya nyuma ya ugwe | kwa mbuzi iko juu | pembe ya mgongoni |
| ubongo mdogo | utata wa kivumishi | serebelamu |
| uti wa mgongo (neva) | huchanganywa na mifupa | ugwe wa mgongo |

Safu ya mwisho inahitaji ufafanuzi. Buchani, *uti wa mgongo* ni mifupa. Hospitalini, neno hilohilo hutumika kwa ugwe wa neva uliomo ndani ya mifupa hiyo, na ugonjwa wa tando za ubongo na ugwe huitwa *homa ya uti wa mgongo*. Jina la ugonjwa limekwishaenea na halina haja ya kubadilishwa. Ila katika anatomia, ugwe na mifupa vitenganishwe.

Huenda pingamizi likatolewa dhidi ya *mkiani*: mtu hana mkia, na kumhusisha nao ni kuvuka ule mpaka wa heshima uliotajwa katika sehemu ya 3.0. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lugha imekwishalijibu. Mwanafunzi wa mwisho darasani husemwa ameshika mkia, na timu ya mwisho kwenye msimamo wa ligi iko mkiani. Neno limekwisha kuwa la mwelekeo. Aidha, binadamu ana kifandugu, mfupa unaomaliza uti wake mahali ambapo kwa mbuzi mkia huanzia.

Tatu, sitiari za Kilatini zisitafsiriwe kwa sababu tu zinatafsirika. *Hipokampasi* ni jina lililotokana na farasi wa baharini, kiumbe asiyejulikana Kondoa wala Manyoni. Jina jingine linalohusiana na sehemu hiyo humaanisha pembe ya kondoo dume, na hilo lingeeleweka mara moja katika uwanda huu. Hata hivyo, *pembe ya kondoo katika ubongo wa kondoo* ni kirai kitakachomchekesha mfugaji kabla ya kumfundisha. Sitiari hiyo ifae katika maelezo ya mwalimu, na *hipokampasi* ibaki kuwa jina.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Kiswahili hakianzi ulinganisho wa ubongo kikiwa mikono mitupu. Desturi ya kuvipa viungo vya ndani jina moja kwa mtu na mnyama tayari ni anatomia linganishi iliyomo vinywani mwa wazungumzaji. Upungufu uko katika maneno ya mahali na ya ukubwa, ambayo humchukua mtu aliyesimama kuwa kipimo cha viumbe vyote. Kuitaja mielekeo kwa pua, mkia, mgongo na tumbo kunaondoa upungufu huo kwa gharama ndogo, kwa maneno ambayo kila mfugaji wa Bahi au Chemba anayajua tangu utotoni. Pale penye mbwa mwenye kichaa na mtoto aliyeumwa, ofisa mifugo na tabibu watakuwa wanazungumzia sehemu ileile ya ubongo.